Maswali ya Wasomaji: Weusi wa Asali, Maji Yake na Nguvu Zake

Baada ya makala yetu kuhusu namna nyuki wanavyoigeuza mbochi, yaani maji matamu ya maua, kuwa asali, wasomaji wengi wametuandikia kuuliza juu ya ubora wa asali yenyewe: rangi, uzito, kuganda, kuchachuka, na zaidi ya yote ile nguvu ya kulinda mwili ambayo watu huitaja siku hizi kwa jina la antioksidanti. Nimechagua barua saba. Nashauri majibu yasomwe kwa mfuatano, kwa sababu mambo yaliyoelezwa katika jibu moja yanahitajika katika jibu linalofuata.

Mhariri, nimesikia mara nyingi kwamba asali nyeusi ina nguvu kuliko asali nyeupe, na kwamba nguvu hiyo inatokana na antioksidanti. Je, ni kweli? Na hizo antioksidanti ni kitu gani hasa?

Kwa sehemu kubwa ni kweli, ila lipo jambo moja linaloweza kumpotosha anayeangalia rangi peke yake, nami nitalifikia. Nianze na swali lako la pili.

Mwili unapotumia oksijeni kupata nishati kutoka katika chakula, huzalisha pia chembe ambazo elektroni yake moja haina mwenziwe. Chembe hizi, ziitwazo radikali huru, hazitulii mpaka zipate elektroni nyingine, kwa hiyo huinyakua kutoka kwa molekuli iliyo karibu, iwe ni mafuta yaliyo katika utando wa seli, protini au hata vinasaba, na ile iliyonyang'anywa nayo hugeuka mnyang'anyi. Antioksidanti, yaani kizuizi cha uoksidishaji, ni molekuli iwezayo kutoa elektroni au atomu ya hidrojeni bila yenyewe kuwa hatari kwa wengine, na hapo mnyororo wa unyang'anyi hukatika. Mwili unazo za kwake, na nyingine huzipata katika vyakula vitokanavyo na mimea.

Katika asali, kazi hiyo hufanywa zaidi na jamii ya kemikali za mimea ziitwazo fenoli. Humo mna asidi za fenoli kama asidi ya galiki, ya kafeiki na ya feruliki, na mna flavonoidi kama kwesetini, kempferoli, krisini na pinosembrini. Nyuki hawazitengenezi. Wanazibeba kutoka katika mbochi, katika chavua, na katika ile gundi ya mimea wanayoipaka ndani ya mzinga kuziba nyufa. Ndiyo sababu mzinga uleule, wenye nyuki walewale, unaweza kutoa asali mbili zilizo tofauti kabisa katika misimu miwili: maua yamebadilika. Kando ya fenoli, asali ina vitamini C kidogo sana, vimeng'enya (protini ziharakishazo mabadiliko ya kemikali) kama katalasi, asidi amino, hususan prolini, na rangi za jamii ya karotenoidi, na vyote hivi huchangia, kila kimoja kwa kadiri yake.

Mmea ambao mbochi yake ina fenoli na madini mengi kwa kawaida hutoa asali yenye rangi nzito. Wapimaji hutumia kipimo kiitwacho Pfund, ambacho huipa asali namba kwa milimita kulingana na weusi wake. Asali iliyo chini ya milimita 8 huonekana kama maji, na iliyopita 114 huhesabiwa kuwa nyeusi. Tafiti zilizolinganisha asali za maua mbalimbali zimeona uhusiano huo tena na tena. Asali ya bakwiti, nafaka ya nchi za baridi, ni nyeusi na huwa miongoni mwa zilizo juu kabisa kwa uwezo wa kuzuia uoksidishaji, ilhali asali ya mti wa Robinia, ambayo sokoni huitwa asali ya akasia ingawa mti huo si mgunga, ni nyeupe na huwa miongoni mwa zilizo chini.

Sasa nilifikie lile jambo la kupotosha. Asali haipati weusi kwa maua peke yake. Huupata pia kwa moto na kwa uzee. Sukari na asidi amino zikikaa pamoja katika joto huungana na kufanya rangi za kahawia ziitwazo melanoidini, ambazo zenyewe zina uwezo wa kuzuia uoksidishaji. Maana yake ni kwamba asali iliyochemshwa, ambayo vimeng'enya vyake vimekufa na harufu ya maua imepotea, inaweza kupelekwa maabara na ikapata namba ya juu kuliko ilivyokuwa ikiwa mbichi. Kwa sababu hiyo mimi sikubali kamwe kuipima asali kwa rangi yake tu, wala kwa namba ya antioksidanti pekee. Namba hiyo lazima isomwe sambamba na vipimo vinavyoonyesha kama asali imepata joto, ambavyo nitavieleza katika jibu linalofuata.

Jambo jingine linalostahili kufahamika ni jinsi namba hizo zinavyopatikana. Kipimo kinachotumika sana ni cha DPPH, ambayo ni radikali huru ya kutengenezwa yenye rangi ya zambarau iliyokolea. Asali iliyozimuliwa ikitiwa ndani yake, antioksidanti huikabili radikali hiyo, na rangi hufifia kuelekea manjano. Chombo cha kupima mwanga, spektrofotomita, husoma ni kiasi gani cha zambarau kimepotea. Kipimo kingine, FRAP, hutazama uwezo wa asali wa kuigeuza ayoni ya chuma kutoka hali moja hadi nyingine, na hapo rangi ya buluu hujitokeza. Cha tatu, cha Folin na Ciocalteu, hukusudiwa kuhesabu fenoli zote kwa jumla, lakini kina udhaifu katika asali: sukari kama fruktosi na glukosi, ambazo ndizo sehemu kubwa ya asali, nazo huigusa kemikali hiyo, hivyo maabara isiyoziondoa au kuzipunguza kwa hesabu itatoa namba iliyovimba. Ukiona vyeti viwili vya asali mbili, uliza kwanza kama vilipimwa kwa njia moja. Kama sivyo, havilinganishiki.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wafugaji nyuki. Tulipeleka sampuli maabara na cheti kinasema: unyevu asilimia 18.6, sukrosi gramu 2.8 katika gramu 100, asidi huru 31, upitishaji wa umeme 0.54, HMF miligramu 62 kwa kilo, diastasi 6. Mnunuzi anasema asali yetu imeharibika, na wanachama wamevunjika moyo. Mheshimiwa, tafadhali tusomee cheti hiki.

Ndugu Katibu, nimekisoma mara mbili, na nakuomba uwafikishie wanachama neno hili kabla ya yote: sehemu kubwa ya cheti hicho ni ushahidi wa kazi njema. Tukipime kwa kiwango cha kimataifa cha asali cha Codex Alimentarius, ambacho ndicho nchi nyingi hukiegemea.

Unyevu hautakiwi kuzidi asilimia 20 kwa asali za kawaida. Wenu umo ndani, maana yake mlirina masega yaliyokomaa. Sukrosi, ile sukari ya kawaida ya mezani, haitakiwi kuzidi gramu 5 kwa asali nyingi. Mbochi huwa na sukrosi nyingi, na nyuki huipasua kuwa glukosi na fruktosi kwa kimeng'enya cha invatasi, kwa hiyo sukrosi ndogo ni alama kwamba nyuki waliachwa wakamaliza kazi yao, na tena kwamba hawakulishwa maji ya sukari wakati wa kuweka asali. Asidi huru ina kikomo cha miliekwivalenti 50 kwa kilo; ingekuwa juu, tungeshuku kuchachuka. Upitishaji wa umeme hueleza wingi wa madini na asidi, na kwa asali ya maua unatakiwa usizidi milisimensi 0.8 kwa sentimita. Hapo pia hamna deni.

Shida iko katika namba mbili za mwisho, na hizi mbili husomwa pamoja. HMF ni kifupi cha hidroksimetilifurfurali, kitu kinachozaliwa fruktosi na glukosi zinapopoteza maji katika mazingira ya asidi. Asali iliyotoka mzingani leo huwa nayo kidogo mno, kwa kawaida chini ya miligramu 10 kwa kilo. Diastasi ni kimeng'enya cha kuvunja wanga ambacho nyuki hukitia wenyewe, na namba yake hueleza ni gramu ngapi za wanga ambazo gramu 100 za asali zinaweza kuvunja kwa saa moja katika nyuzi joto 40 za Selsiasi. Joto na muda huipandisha ile ya kwanza na kuishusha ya pili. Codex inaweka kikomo cha HMF kuwa miligramu 40, lakini inaruhusu hadi 80 kwa asali iliyotangazwa kuwa imetoka katika maeneo ya joto la kitropiki. Diastasi inatakiwa isipungue 8, au 3 kwa asali ambazo kwa maumbile yake zina vimeng'enya vichache.

Kwa hiyo, ikiwa mizinga yenu iko katika ukanda wa kitropiki na lebo inasema hivyo, HMF ya 62 haijavuka mpaka, na mnunuzi amekosea kusema imeharibika. Hata hivyo siwezi kuwaambia kwamba hakuna jambo, maana diastasi yenu ya 6 haifiki 8. Kama asali ingekuwa na vimeng'enya vichache kwa maumbile tu, ningetegemea HMF iwe chini. Kwa kuwa moja imepanda na nyingine imeshuka, shaka yangu ni joto au kukaa muda mrefu, au vyote viwili. Ukali wa joto katika jambo hili si wa kupuuzwa. Katika nyuzi 30 diastasi hupungua kufikia nusu kwa siku zipatazo 200; katika nyuzi 40 hupungua hivyo kwa muda wa mwezi mmoja; katika nyuzi 60 ni siku moja tu. Ghala lenye paa la bati lisilo na dari, madumu yakiwa yamepangwa karibu na paa, hufika nyuzi 40 mchana bila mtu yeyote kuwasha moto.

Ningependa kujua mambo matatu: asali ilikaa wapi tangu kurinwa, iliyeyushwa kwa njia gani, na sampuli ilikuwa ya msimu upi. Msimu ujao pimeni HMF ndani ya wiki ya kurina, kisha mpime tena baada ya miezi mitatu ya ghalani; tofauti ya namba hizo mbili itawaonyesha kosa liko wapi kuliko maelezo yangu yoyote. Asali mliyo nayo sasa ni salama kuliwa, kwani vyakula vingi vilivyokaangwa au kuokwa huwa na HMF kuzidi hiyo. Msiiuze tu kwa jina la asali mbichi. Na kwa kuwa barua yako haikugusa antioksidanti, nikuongezee kwamba fenoli zake huenda bado zipo kwa kiasi chake, maana huvumilia joto kuliko vimeng'enya. Kilichopungua ni sehemu yake iliyo hai.

Asali yangu imeanza kutoa povu, harufu yake ni ya pombe, na mfuniko umefutuka. Nilidhani asali haiozi. Nimekosea wapi?

Umekosea katika maji. Asali huishi muda mrefu kwa sababu sukari yake nyingi imeyashika maji kiasi kwamba vijidudu havipati ya kunywa, na kwa sababu ina asidi, pH yake ikiwa kwa kawaida kati ya 3.2 na 4.5. Lakini ndani ya kila asali mna chembe za hamira zinazostahimili utamu mkali, zilizoingia pamoja na mbochi, chavua na vumbi, nazo hulala zikisubiri. Unyevu ukiwa chini ya asilimia 17 haziamki. Kati ya 17 na 20 hutegemea wingi wake na joto la mahali. Ukipita 20, kuchachuka ni suala la muda tu, na hamira hutengeneza alkoholi na gesi ya kaboni dioksidi. Hiyo gesi ndiyo iliyoufutua mfuniko wako.

Maji hayo huingia kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kurina mapema. Mbochi mara nyingi huwa na maji zaidi ya nusu, na nyuki huyapunguza kwa kuitandaza katika vijumba na kuipepea kwa mabawa usiku na mchana; wakiridhika, huziba kila kijumba kwa nta. Sega ambalo vijumba vyake vilivyozibwa havijafika robo tatu halijakomaa, hata likiwa zito mkononi. Njia ya pili ni kuacha chombo wazi. Asali hunyonya unyevu wa hewa, na katika hewa yenye ukungu au karibu na bahari, sufuria iliyoachwa bila mfuniko usiku kucha huanza kulowa kutoka juu. Mwenye mizinga mingi na anunue refraktomita ya asali: matone mawili juu ya kioo, unatazama kwenye mwanga, na unyevu unasomeka papo hapo. Hakuna kifaa kingine ninachokipendekeza kwa moyo wote kama hicho.

Asali hiyo uliyo nayo usijaribu kuirudisha. Ukiichemsha utaziua hamira, lakini ladha ya uchachu itabaki, na HMF itapanda.

Je, asali iliyoganda imechanganywa na sukari?

Hapana, kuganda ni tabia ya asali halisi. Glukosi iliyomo ni nyingi kuliko ile ambayo maji machache ya asali yanaweza kuishikilia, kwa hiyo ziada hujitenga na kuwa fuwele. Fruktosi, ambayo huyeyuka kwa urahisi zaidi, hubaki majimaji. Ndiyo maana asali yenye fruktosi nyingi kwa kulinganisha na glukosi inaweza kukaa miaka bila kuganda, na yenye glukosi nyingi huganda ndani ya wiki chache. Fuwele huzaliwa kwa kasi zaidi panapo ubaridi wa nyuzi 14 hivi.

Jambo moja lihusulo barua iliyotangulia: glukosi inapoganda huchukua maji machache tu, na majimaji yanayobaki kati ya fuwele hulowa kuliko asali ilivyokuwa mwanzo. Asali ya unyevu wa asilimia 19 iliyotulia vizuri inaweza kuanza kuchachuka baada ya kuganda. Kuiyeyusha, weka chupa katika maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 45, na uwe na subira; usiiweke juu ya moto moja kwa moja.

Kuna njia za nyumbani za kutambua asali ya kughushi: kiberiti kilichochovywa katika asali kinawaka, tone halisambai ndani ya maji, sisimizi hawaigusi. Ipi ni ya kuaminika?

Hakuna hata moja, na nasema hivi nikijua kwamba wengi mmerithi njia hizi kutoka kwa wazee tunaowaheshimu. Zote hupima kitu kingine. Kiberiti na tone la maji hupima unyevu na uzito wa majimaji, na sharubati nzito ya sukari hufaulu mitihani hiyo kuliko asali halisi iliyorinwa msimu wa mvua. Sisimizi huifuata asali halisi vizuri tu, wakipata nafasi. Hata mizani haisaidii sana: lita moja ya asali ina uzito wa kilo 1.42 hivi, na ongezeko la asilimia moja ya maji huipunguza kwa gramu chache ambazo mizani ya jikoni haizioni.

Maabara hutumia ushahidi mzuri zaidi. Miwa na mahindi hukamata kaboni ya hewani kwa njia iliyo tofauti na mimea mingi ambayo nyuki huitembelea, na tofauti hiyo huacha alama katika uwiano wa kaboni nzito na kaboni nyepesi. Mpimaji hutenga protini kidogo iliyomo katika asali, ambayo ilitoka kwa nyuki na chavua, na kuilinganisha na asali yenyewe. Zikipishana kupita kiasi, sukari ya miwa au ya mahindi imeingizwa. Waghushi walipolijua hili, walihamia sharubati ya mchele na ya kiazisukari, mimea ambayo alama yake hufanana na ya maua, na hapo wapimaji wamelazimika kutumia mitambo ya mwangwi wa sumaku inayosoma molekuli nyingi kwa wakati mmoja. Kwa mnunuzi wa kawaida, mlango ulio wazi ni kumfahamu anayerina, na kumwomba cheti cha msimu huo.

Mtoto wangu ana miezi minane na amekuwa na kikohozi. Baba yangu mzazi ana kisukari. Nimeambiwa kwamba, kwa kuwa asali ina antioksidanti, inawafaa wote wawili. Nifanye nini?

Mama, kwa mtoto jibu ni moja: usimpe asali hata kidogo mpaka atimize miezi 12, wala usimpake midomoni wala kwenye chuchu ya chupa. Asali yoyote, hata iliyo safi kabisa, inaweza kubeba mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Kwa mtu mzima mbegu hizo hupita tu. Katika utumbo wa mtoto mchanga, ambao bado haujajaa bakteria wa kuulinda, zinaweza kuota na kutoa sumu inayolegeza misuli, hadi ya kupumulia. Joto la jikoni haliziui mbegu hizo, kwa hiyo kuichemsha asali hakuifanyi iwe salama kwake. Kikohozi cha mtoto wa umri huo kinahitaji kuonwa na mhudumu wa afya. Kama ulikuwa umeshampa asali, ukaona hapati choo, ananyonya kwa udhaifu, kope zimelegea au shingo haishiki, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo na uwaeleze kwamba alilamba asali.

Kwa baba, tufanye hesabu pamoja. Kijiko kikubwa cha asali kina gramu 21 hivi, na gramu 17 za hizo ni sukari. Tuchukulie kwamba ni asali nzuri yenye rangi nzito, yenye fenoli miligramu 500 kwa kilo, kiwango ambacho asali nyingi hazikifikii. Kijiko hicho kitampa miligramu 10 na nusu za fenoli. Ili apate miligramu 100, kiasi ambacho tunda moja la kawaida linaweza kumpa, itambidi ale karibu vijiko kumi, vyenye gramu 160 na zaidi za sukari. Antioksidanti za asali zipo kweli, na nimetumia sehemu kubwa ya safu hii kuzieleza kwa sababu nazithamini. Lakini husafiri ndani ya sukari nyingi, na sukari ya damu haijali iliyobaki ni nini. Uwezo unaoonekana katika bomba la maabara pia hauhamii mwilini ulivyo, maana fenoli nyingi hubadilishwa na utumbo na ini kabla ya kufika kwenye damu. Baba akipenda ladha ya asali, aihesabu kama sukari katika mpango wake wa chakula aliopangiwa na daktari wake, na asiache dawa kwa ajili yake.

Tumepata asali ya nyuki wadogo wasiouma. Ni nyepesi kama maji na ni chachu. Je, tumeuziwa iliyoharibika?

Si lazima. Asali ya nyuki hao kwa maumbile huwa na maji asilimia 25 hadi 35, na asidi yake mara nyingi hupita kile kikomo cha 50 tulichokitaja kwa Ndugu Katibu, ilhali diastasi yake huwa ndogo. Vikomo hivyo viliwekwa kwa kutazama asali ya nyuki wanaouma, kwa hiyo kuvitumia hapa ni kumpima mtu kwa nguo ya mwingine. Nyuki wadogo huhifadhi asali katika vyungu vidogo vya nta iliyochanganywa na gundi za mimea, na tafiti nyingi huzipata fenoli zake zikiwa juu. Mwaka 2020 watafiti wa Australia walieleza kwamba asali za aina kadhaa za nyuki hao zina trehalulosi, sukari ambayo ni nadra kukutwa katika vyakula na ambayo mwili huimeng'enya polepole. Hilo bado haliifanyi kuwa dawa, na katazo la watoto wachanga linaihusu vilevile.

Iliyoharibika utaitambua kwa povu linaloendelea kila siku na kwa harufu ya pombe iliyozidi ule uchachu wake wa asili. Kwa kuwa maji yake ni mengi, isikae rafuni kama asali ya kawaida. Itieni katika chupa ya glasi iliyokauka, msiijaze hadi juu, wala msitumie kopo la chuma kwa sababu asidi italila, kisha iwekeni kwenye jokofu tangu siku mnayoipokea.